Mbeba Godoro

Falonne alijiona kwenye simu ya mtu mwingine. Alikuwa kwa Chantal, msusi wa mtaa wao wa Tshopo, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, pale Chantal alipomsogezea simu usoni huku akicheka.

"Falo, ona. Siyo wewe huyu iko nyuma ya Isaïe?"

Alikuwa yeye. Nyuma kabisa, godoro la sponji kichwani, macho kayakunja kwa jua. Mbele yake Isaïe amesimama juu ya jiwe, mikono kaitandaza kama askofu anayebariki umati. Chini ya picha palikuwa na maneno ya Kifaransa, na Falonne, ambaye diploma yake ya serikali ilikuwa imelala sandukuni miaka mitano, aliyasoma bila kuomba msaada wa mtu. Isaïe, mgunduzi na mpandaji wa kwanza wa La Couronne, yaani Taji, jiwe lisilo na mwenyewe, kando ya mto Tshopo. Nyuma yake, mbeba godoro wake.

"Porteuse," Chantal alirudia. "Amekuandika kazi lini?"

"Maliza kusuka," Falonne alisema.

Godoro lenyewe lilikuwa lake. Hilo ndilo lililomchoma kwanza, kabla ya yote mengine. Lilikuwa godoro alilolalia kila usiku kwa mama yake, lenye shimo upande wa miguuni, na kila Jumapili alilikunja, akalifunga kwa kamba, akalibeba kichwani hadi kwenye mawe ili Isaïe akianguka asivunjike kiuno. Leo limekuwa godoro la Isaïe na yeye amekuwa punda wa Isaïe. Mtu mzima na akili zake anaweza kucheka jambo kama hilo. Falonne hakucheka. Aliketi hadi msuko wa mwisho, akasema asante, akatoka, na barabarani akaona meno yanamuuma kwa jinsi alivyokuwa ameyabana.

Miaka mitatu nyuma Isaïe alifika kwenye machimbo ya mawe akiwa na viatu vipya na maswali ya ajabu. Machimbo yale yako juu kidogo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka darajani, na wanawake kumi na wawili huponda kokoto pale tangu asubuhi. Isaïe alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa jumla, watu waliotoka Kivu ya Kaskazini, na alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Alisalimia vizuri, kisha akauliza, "Bamama, mawe makubwa iko wapi? Mi nataka kupanda."

Wanawake walicheka hadi mmoja akaweka nyundo chini. Mama Marie-Jeanne, mwenye mdomo kuliko wote, akamjibu, "Sisi tunatafuta namna ya kuyashusha, wewe unataka kuyapanda?"

Falonne naye alicheka. Lakini yeye ndiye aliyenyanyuka na kuuliza, kupanda namna gani? Isaïe akamwonyesha simu. Watu wananing'inia kwa ncha za vidole kwenye mawe yasiyozidi nyumba kwa urefu, bila kamba, chini yao wametandika godoro. Falonne aliangalia mara tatu. Alikuwa amezaliwa kati ya mawe. Ukimpa nyundo ndogo aligonga jiwe mara moja akajua kama liko hai au limekufa, maana lililo hai hulia na lililokufa hunung'unika tu. Hakuwahi kufikiri kwamba elimu ile ina kazi nyingine zaidi ya kuvunja.

Wakaanza kutafuta. Kila Jumapili, baada ya kula lituma, ndizi za kupondwa, kwa mama Philomène, mama yake Falonne, walipanda toleka, wao wawili na godoro kwenye baiskeli mbili za kukodi, wakaenda hadi mwisho wa lami, kisha kwa miguu. Kwenye barabara ya Buta walipata mawe mekundu yaliyomeguka mkononi kama mkate wa juzi. Walivuka kwa mtumbwi hadi Lubunga, wakakuta mawe mazuri ambayo mto huyafunika nusu ya mwaka, nayo yanateleza kama kambale. Kwenye maporomoko, wavuvi Wagenia waliwaambia waziwazi kwamba kila jiwe pale lina mtego wake na kila mtego una ukoo wake, kwa hiyo waende wakapande ya kwao. Nyuma ya bwawa la umeme, ndani kabisa, baada ya mashamba ya muhogo, walipata matatu ya maana, mafupi lakini yaliyo hai. Falonne alikuwa anagonga, Isaïe anapiga picha na kuandika kwenye daftari. Mikono waliipaka chaki ya darasani iliyosagwa, ambayo waliibeba ndani ya soksi.

Walijiwekea sheria mbili. Anayeliona jiwe ndiye anayelipa jina. Anayefika juu wa kwanza ndiye anayeandikwa.

Jiwe lenyewe waliliona siku ya mvua. Walikuwa wamekimbilia machimboni kujikinga chini ya jiwe kubwa la upande wa juu, lile ambalo mama Philomène huweka beseni na chakula chake kivulini mwake, na ambalo Falonne mwenyewe alilazwa chini yake alipokuwa mtoto mchanga. Lilikuwa refu kama watu wawili na nusu, la kijivu, uso mmoja umeinamia mbele kama mtu anayekuchungulia. Falonne aliinua macho akaona, juu ya tumbo la jiwe, kitu kilichojitokeza chenye umbo la sikio la mtu.

"Isaïe," alisema, "sisi ni wajinga. Tumezunguka inchi mzima."

Akaliita Sikio; La Couronne ni jina ambalo Isaïe angelipachika baadaye.

Sasa, msomaji anaweza kujiuliza jiwe zuri kama lile lilisalimikaje katikati ya wanawake kumi na wawili wenye nyundo. Isaïe hakujiuliza, na kosa lake lilianzia hapo. Machimboni kuna desturi. Mwanamke akitaka jiwe kubwa liwe lake, hufunga ukuti mbichi wa mchikichi fundo moja na kuupachika kwenye ufa wa jiwe. Ukuti ukiwepo, hakuna wa kuligusa. Ukikauka na kuanguka, jiwe ni la yeyote. Tena kila mwanamke ana haki ya jani moja tu kwa wakati mmoja, na siku anapoamua kulivunja, hulitoa mwenyewe kwa mkono wake na jani lile lile ndilo linalowashia moto. Maana mawe makubwa huchomwa kwanza. Huwekewa kuni na matairi mabovu siku nzima, yakapasuka ndani, ndipo nyundo huyaweza.

Falonne alimwomba mama yake amfungie Sikio jani.

"Nitaponda nini?" mama Philomène aliuliza. "Jani langu ni moja."

"Mama, kidogo tu."

Kidogo kile kilikuwa miaka miwili. Miaka miwili mama Philomène aliponda vijiwe vya kuokota mtoni, magoti majini, wakati wenzake wanachoma majabali, na kila Jumatatu Falonne alibadilisha ukuti. Mama Marie-Jeanne alilitazama jiwe lile kama watu wanavyotazama mbuzi mnono wa jirani. Hakuligusa. Jani ni jani.

Isaïe alielezwa haya yote. Alijibu kwamba ni desturi nzuri, vraiment, kisha kila alipotaka kupiga picha aliuchomoa ukuti na kuutupa pembeni kwa sababu ulionekana kama takataka. Falonne aliuokota, akaurudisha, akamcheka. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, na siku zile alilisema kwa upendo. Ndiyo, kulikuwa na upendo. Haukuwa na jina na haukutamkwa, lakini mtu hambebei mtu godoro miaka mitatu kwa ajili ya mawe tu.

Falonne alilipanda Sikio Februari, baada ya miezi minne ya kuanguka. Isaïe alikuwa chini, akifuata mikono yake kwa simu. Alipofika juu alikaa, miguu inaning'inia. Isaïe alipiga makofi na kuandika kwenye daftari kwa kalamu yake mwenyewe: Sikio, wa kwanza Falonne. Mama Philomène aliweka nyundo chini, akamtazama binti yake aliye angani, akasema, "Shuka, utaanguka." Kwa mama Philomène hiyo ilikuwa sifa.

Isaïe alijaribu mwaka mzima, hakuliweza. Alipotaka picha na video za kutoka juu alizungukia nyuma, ambako jiwe limelala na hata mtoto mwenye sahani ya chakula mkononi angepanda bila kumwaga.

Kesho yake baada ya kusukwa, Falonne alikwenda kwao Isaïe. Alimkuta uani anajaribu fulana mpya yenye taji mgongoni. Isaïe alifurahi kumwona, au alijifanya vizuri.

"Falonne! Nilitaka kukuita. Batu ba Butembo banakuja, klabu moja ya bapandaji. Jumamosi hii... hapana, ile ingine, siku kumi na moja. Banataka kuona jiwe. Na banachagua mutu mumoja wa Kisangani, banamufundisha, anakuwa mwalimu wa hapa. T'imagines?"

"Daftari iko wapi?" Falonne aliuliza.

"Daftari gani?"

"Yetu."

"Ah. Ile ilinyeshewa, sijui. Ya nini?"

"Umeandika mi ni porteuse."

Isaïe alivua fulana ya taji, akaikunja polepole, kama mtu anayekunja maneno. "Falonne, ile ni communication tu. Porteuse siyo tusi. Huko Himalaya baporteurs banaheshimiwa sana. Et puis, sema ukweli. Batu bakitoka mbali vile, batasikiliza nani? Mutoto wa mama wa caillasse, wa kuponda kokoto?"

Alisema bila ubaya, na hapo ndipo palipouma. Angemtukana kwa hasira, Falonne angemrudishia tusi na pengine jambo lingeishia uani. Lakini alimwambia kama anavyomwambia mtu kwamba mvua inanyesha. Kwake yeye Isaïe lilikuwa jambo linalojulikana.

"Sawa," Falonne alisema.

"Utaleta godoro?"

"Utakuwa na lako."

Njia nzima ya kurudi alitafuta adhabu inayomtosha. Alifikiria kumwaga habari kwenye redio ya mtaa. Alifikiria kumchapa vibao mbele ya baba yake. Alifikiria kusimama mbele ya wageni na kulipanda jiwe machoni pao, na hili lilimpendeza kwa mwendo wa dakika kumi hivi. Kisha akaona namna itakavyokuwa: Isaïe angepiga makofi, angecheka, angesema ndiyo, porteuse wangu nimemfundisha mwenyewe. Kila kitu atakachofanya juu ya jiwe lile kingekuwa mali ya Isaïe, kwa sababu jiwe lilikuwa la Isaïe tayari, kwenye simu za watu wote. Jiwe lisilo na mwenyewe! Magoti ya mama yake yamevimba kwa maji ya mto miaka miwili kwa ajili ya jiwe lisilo na mwenyewe.

Basi tulie wote, akasema moyoni. Tukose wote.

Siku iliyofuata alfajiri alikuwa machimboni kabla ya wanawake wengine. Mama yake alimkuta amekaa chini ya Sikio na ukuti mkononi.

"Umeutoa," mama Philomène alisema.

"Vunja, mama."

Mama Philomène alitua beseni. Alimtazama binti yake, akalitazama jiwe. Hakuwa mwanamke wa maswali mengi, lakini hili aliliuliza. "Unajua unachofanya?"

"Najua."

"Jiwe halirudi, Falonne. Mutu unaweza kugombana naye leo, kesho mukapatana. Jiwe hapana."

"Mi sitaki kupatana."

Mama Marie-Jeanne alipofika na kuona ufa mtupu, alipiga kelele kama mtu aliyeshinda kesi. Ilikuwa kazi ya wote, jiwe kama lile si la mkono mmoja. Walikusanya kuni, wakaviringisha matairi kutoka barabarani, wakapanga kuzunguka jiwe hadi kwenye tumbo. Aliyefunga jani ndiye anayewasha, na mama Philomène alimpa binti yake kiberiti.

Ukuti ulikuwa mbichi bado. Ulitoa moshi kwanza, ukakataa, kisha ukashika.

Falonne alitazama moto ukilamba mahali alipoweka vidole vyake miezi minne. Alingojea huzuni. Iliyokuja ilikuwa furaha, nene na nyeusi kama moshi wa matairi, na hakuionea aibu. Alimwona Isaïe amesimama na fulana yake ya taji mbele ya shimo. Aliona wageni wanatazamana. Mchana jiwe lilianza kulia ndani, mlio mzito, na walipolimwagia maji ya mto lilipasuka kwa sauti iliyorusha ndege ng'ambo.

Walichoma siku mbili na kuponda siku saba. Falonne aliponda kuliko wote. Wanawake walimwambia apumzike, hakupumzika. Isaïe hakutokea hata mara moja. Chantal alisema alikuwa redioni, alikuwa kwa mshona bendera, alikuwa kwa mkuu wa mtaa kuomba viti. Mtu mwenye jiwe hana haja ya kwenda kuliangalia, jiwe litakwenda wapi? Siku ya tano sikio lenyewe lilibanduka zima, kubwa kama mkate, na Falonne, bila kuwaza, alilisukuma pembeni kwa mguu, mbali na nyundo. Upande wake wa chini ulikuwa na chaki bado.

Jumamosi saa nne walisikika wanakuja. Mbele Isaïe, fulana imepigwa pasi, na kichwani godoro jipya la sponji lenye maua, maana hakupata mtu wa kulibeba. Nyuma yake vijana wawili na mama mmoja mfupi, wa miaka arobaini hivi, mwenye mabega ya mtu anayelima. Isaïe alikuwa anamweleza kitu huku amegeuza shingo chini ya godoro. Alikuwa anaeleza bado alipofika, na aliendelea kueleza kidogo hata baada ya kuona.

Palikuwa na kisiki cha jiwe, urefu wa goti. Kukizunguka, malundo sita ya kokoto ya kijivu, na wanawake kumi na wawili pamoja na Falonne wameketi wanaponda.

Godoro lilianguka lenyewe.

"Iko wapi?" Isaïe aliuliza.

"Unakanyaga," mama Marie-Jeanne alijibu.

Isaïe alitazama miguu yake. Kisha alimwona Falonne, nyundo mkononi, vumbi hadi kwenye kope, na akaelewa. Falonne alikuwa ameungojea uso ule siku kumi na moja, na haukumwangusha. Ulijikunja sehemu moja baada ya nyingine.

"Umefanya nini?" alinong'ona. "Falonne. Juu ya nini?"

"Uliandika halina mwenyewe," Falonne alisema. "Donc mwenyewe alikuja kulichukua."

Mama yule mfupi alikuwa amechuchumaa kwenye lundo, anachambua kokoto kwa vidole. Hakuonekana kuwasikia. Alipoinuka alisema kwamba anaitwa Kanyere, kwamba wametoka Butembo, siku tatu za barabara mbovu, na kwamba anawasalimia bamama wote na poleni na kazi. Wakamwitikia. Kisha akamgeukia Isaïe, mpole kama mwalimu anayejua jibu.

"Jiwe haliko tena. Bon. Lakini wewe ulilipanda, mwili hausahau. Nionyeshe. Simama hapa, ufanye hewani."

Isaïe alilamba midomo. Akasimama mbele ya kisiki, akainua mkono wa kushoto, kisha wa kulia. "Hapa. Halafu hapa, kwenye sikio... kwenye Couronne. Halafu unavuta, unafika juu."

"Ukishika pale, muguu wa kulia unakwenda wapi?"

"Juu. Kwenye... kuko kipando kidogo."

"Kwa video yako muguu hauonekane," Kanyere alisema. "Wewe unaonekana chini, halafu unaonekana juu umekauka, hata jasho hakuna. Katikati hakuna kitu. Mi nimeangalia mara nyingi." Akageuka, akawatazama wanawake mmoja mmoja hadi akamfikia Falonne. "Lakini nyuma kuko binti na godoro kichwa. Vidole yake iko nyeupe ya chaki mpaka huku. Nikajiuliza, mubeba godoro anapaka chaki ya nini? Mudogo yangu, ni wewe?"

Nyundo zilinyamaza. Falonne aliweka yake chini. Aliitika kwa kichwa.

"Nionyeshe."

Alipanda juu ya kisiki. Alifumba macho, si kwa mbwembwe, ila kwa sababu akiyafumbua angeona kokoto. Mkono wa kushoto aliuweka kwenye ubapa, pale pale ulipokuwa. Mkono wa kulia aliupeleka juu na kugeuza kiganja kiangalie mbingu, kama mtu anayeinua beseni kwa ukingo, maana sikio lile halikushikwa kwa juu, lilishikwa kwa chini. Alisimamia mguu wa kushoto. Na mguu wa kulia aliupitisha nyuma ya ule wa kushoto, akauacha unaning'inia tu, haugusi kitu.

"Hauendi mahali," alisema. "Unauacha. Ukiutafutia mahali, unaanguka."

Alikaa hivyo, mguu mmoja juu ya kisiki, kiganja wazi, na viungo vyote vya mwili wake vikakumbuka kwamba baada ya hapo kuna ukingo mnene, mtamu, na upepo. Akanyoosha mkono wa kushoto kuufuata. Haukuwepo. Aliyumba, akafumbua macho.

"Ni yeye," Kanyere aliwaambia vijana wake. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuvua kofia.

Isaïe alitazama chini. Ulikuwa ushindi mzima, kila kitu alichokitaka Falonne kilikuwa pale, na mbele ya mashahidi. Alitaka kucheka. Mama Kanyere alikuwa ameliona sikio pembeni. Akaliokota, akaingiza vidole chini yake, kiganja juu, akalipima.

"Lilikuwa jiwe ya haki," alisema. "Nilikuja kulipanda nyuma yako. Nilitaka kukwambia: twende Butembo, miezi tatu, halafu urudi ufundishe batu hapa." Akagusa upande ulioungua. "Nani aliwasha?"

Angeweza kusema ni bamama. Angeweza kusema ni kazi, watu wanakula. Mama Philomène alifungua mdomo kabisa ili amsemee.

"Mimi," Falonne alisema.

"Ulijua tunakuja?"

"Nilijua."

Kanyere aliliweka sikio juu ya kisiki, karibu na miguu ya Falonne, kwa mikono miwili. "Kijana huyu anachomwa na hasira yako leo, kesho anapona. Lakini mawe? Nikikupatia mawe ya inchi hii uyachunge, na kesho mutu mwingine akakuudhi?" Alitikisa kichwa. Hakuwa na ukali. "Sitaweza, mudogo yangu. Nisamehe."

Wakaaga. Waliwaaga wanawake wote kwa mkono, kwa adabu, na Isaïe wakamwacha aje nyuma akipenda. Alibaki. Alikunja godoro lake la maua, likamshinda, likafunguka, akalikunja tena. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi.

"Umefurahi sasa?" aliuliza.

"Ndiyo," Falonne alisema, na ilikuwa kweli. Ndiyo maana hakuweza hata kulia. Alikuwa amefurahi, tena sana, na furaha ile ilikuwa imekula mpaka sahani. "Beba godoro, uende."

Akalibeba. Falonne alimtazama mpaka maua yakapotelea kwenye migomba.

Lori la kokoto lilifika saa sita, likarudi kinyumenyume kati ya malundo, na wanawake wakapanga mstari wa mabeseni. Mama Philomène alimpigia kelele binti yake atoke juu ya kisiki, gari iko inageuka. Falonne alishuka. Aliliokota sikio, akalitia kwenye beseni pamoja na kokoto nyingine, akalipeleka.

Dereva alichungulia. "Hii hapana," alisema. "Kubwa sana."

"Wacha hiyo, Falonne," mama yake alisema taratibu. "Tutaipeleka nyumbani."

Falonne alilitoa, akaliweka juu ya jiwe la kupondea, upande wa chaki chini. Akachukua nyundo. Jiwe lililokwisha kuungua halina ubishi, mapigo mawili yalitosha.